Baiskeli Mbili kwenye Barabara Iliyofungwa

Nilijifunza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka thelathini na sita, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili. Nilijifunza kwa sababu mume wangu alikuwa anapofuka na hakutaka mtu ajue.

Yeye alikuwa Bwana Miti. Ndivyo watu wa kijijini walivyomwita ofisa wa misitu, hata wale ambao aliwahi kuwanyang'anya mashoka. Alikuwa Msukuma wa upande wa Usagara. Mimi ni Mhaya, nimekulia kwenye migomba. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule moja ya Sengerema, mbali kidogo na Kamanga kunakotua kivuko cha kutoka Mwanza. Yeye alikuwa amepangiwa hifadhi ya mlima uliokuwa nyuma ya shule hiyo. Tulioana huko, watoto wakazaliwa huko, na walipofika darasa la tano tuliwapeleka Bukoba kwa mama yangu wasome karibu naye.

Mlima wenyewe ulikuwa wa mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba yalikuwa yamepandana, na katikati yake ilisimama miti ya mininga na mitundu, na pimbi walitoka asubuhi kuota jua. Mradi mmoja wa wafadhili ulikuwa umechonga barabara ya changarawe kuuzunguka mlima wote, inapanda upande wa shule, inapita mgongoni ambako ziwa linaonekana lote mpaka visiwani, halafu inashuka kwenye mabonde ya nyuma. Kisha mradi ulikwisha. Waliondoka na gari lao na pikipiki aliyokuwa akiitumia mume wangu, wakamwachia baiskeli nyeusi nzito ya Kichina. Masika iliyofuata mvua kubwa ilibomoa kalavati lililokuwa mbele ya mgongo wa mlima. Pakabaki shimo la urefu wa watu wawili, na kijito chini yake. Fungu la kulijenga upya halikupatikana. Wakaweka gogo kuziba barabara pale chini, na tangu siku hiyo hapakupita gari wala trekta. Wenye miguu waliweza kushuka kwenye kijito na kupanda ng'ambo, na mwenye baiskeli aliweza kuibeba begani.

Siku moja alirudi nyumbani kidole gumba kimevimba, kucha imekuwa nyeusi.

"Kidole kimefanyaje?" nikamuuliza.

"Nyundo."

Alikuwa na nyundo ya kugongea magogo alama ya serikali. Alikuwa ameitumia miaka kumi na miwili.

"Hujawahi kujigonga," nikasema.

Nikamwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akatumbukiza mkono. Halafu akasema, "Mwalimu, siku hizi naona katikati tu. Pembeni hakuna kitu. Kama mtu anayechungulia ndani ya bomba."

Aliniita Mwalimu siku zote, hata chumbani. Mimi nilimwita Baba, kama watoto walivyomwita.

Tulivuka kwenda Mwanza hospitalini. Daktari alimtazama macho kwa muda mrefu, akatueleza taratibu kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na dawa ya matone ingeweza tu kuchelewesha kilichobaki. Wakati huo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, na dawa ile mara ilikuwapo, mara haikuwapo. Tulipotoka nje alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo mbele za watu.

"Ofisini wasijue," alisema. "Wanaandika orodha ya watu wa kupunguzwa. Nisiwarahisishie kazi."

Siku ileile tulinunua baiskeli yangu. Miaka ile Mwanza ilikuwa imejaa vitu vya mitumba, na kando ya barabara moja ya mjini baiskeli kutoka nje zilipangwa kwenye vumbi kama samaki mnadani. Nilichagua ya bluu, ya gia, yenye tairi nene za meno kama za trekta. Mume wangu aliipapasa tairi kwa kidole chake kizima, akasema, "Hii imetengenezwa kwa ajili ya mawe." Muuzaji alidhani yeye ndiye mnunuzi na ndiye mpandaji. Hatukumsahihisha.

Alinifundisha kwenye barabara ile ya hifadhini, nyuma ya gogo, ambako hapakuwa na mtu wa kutucheka. Mke wa Bwana Miti, mwalimu anayefundisha watoto wa watu hesabu, akianguka kila hatua ishirini na sketi imekamatwa na mnyororo, hayo yasingefichika kama ningejifunzia uwanja wa shule. Nilichubuka magoti yote mawili. Changarawe ilikuwa inateleza chini ya tairi kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni.

"Usitazame gurudumu," aliniambia. "Tazama unakokwenda. Na ukifika kwenye kokoto nyingi usifunge breki ghafla. Iache baiskeli ijitafutie njia."

Nilipoweza, nikawa macho yake. Kila Jumamosi, na siku za kazi baada ya vipindi, tulipanda mlimani pamoja. Nilimwambia wapi pamekatwa mti, wapi kuna moshi wa tanuri la mkaa, naye alisema cha kufanya. Jioni alisema taarifa yake, mimi nikaiandika kwa mwandiko wa kuiga wake. Sioni fahari kwa jambo hilo, lakini silijutii.

Orodha ilipotoka, jina lake lilikuwamo. Haikuwa kwa ajili ya macho. Walipunguza watu wengi wa ngazi yake wilaya nzima, na barua ilimshukuru kwa utumishi wake. Nyumba ya serikali walituruhusu kukaa mpaka atakapokuja mwingine wa kushika nafasi yake. Hakuja mtu.

Mwaka ule, ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kilichobaki cha macho yake kilifunga. Alianza kukaa kwenye kiti pale barazani kuanzia asubuhi. Magari ya mabendera na vipaza sauti yalipita barabara kuu, na yeye aligeuza uso upande wa sauti, kisha upande mwingine. Niliporudi shuleni nilimkuta palepale, chai haijaguswa.

Kaka yake mkubwa alikuja kutoka Usagara kumchukua. Alikuwa mtu mwema, mwenye ng'ombe, na aliamini kwamba mlima ule ulikuwa na wenyewe na ndugu yake alikuwa amewaudhi.

"Shemeji," aliniambia, "huyu anatakiwa awe nyumbani. Huko kuna watu wa kumwangalia. Na kuna mtaalamu mmoja tutampeleka."

Nilimjibu, "Shemeji, mwenye kauli ni yeye."

Mume wangu aligeuza uso upande wa sauti ya kaka yake. Kisha akasema, "Kaka, nitakuja kusalimia. Kukaa, hapana. Bado nina kazi."

"Kazi gani?"

"Hiyo barabara haijui kwamba nimepunguzwa."

Kaka yake aliondoka kesho yake bila kukasirika. Jioni hiyo mume wangu aliniomba kopo tupu la maziwa ya unga. Akatia kokoto chache ndani, akaziba mdomo kwa kitambaa, akanipa.

"Funga kwenye keria ya baiskeli yako," alisema. "Kesho nitakufuata."

Nilikataa. Tulibishana siku mbili. Hoja yake ilikuwa hii: barabara haina gari, haina watu, ina upana wa lori, na yeye ameipita mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Alihitaji kujua tu niko wapi. Siku ya tatu nilifunga kopo.

Mwanzo tulikwenda polepole kuliko mtu anayetembea. Nilikuwa mbele, kopo linapiga kelele nyuma yangu, na kila mara niligeuka kumwona. Alikuja amenyoosha shingo, uso umeinuka kidogo, mikono imekaza usukani. Alianguka. Aliinuka, akapapasa fremu kuona kama imepinda, akapanda tena. Baada ya wiki kadhaa aliacha kukaza mikono. Baada ya miezi alikuwa ananifuata kwenye kona kama mtu anayeona, na mimi nikaacha kugeuka. Pale kwenye kalavati nilisimama, nikamshika mkono, tukashuka pamoja, halafu nikarudia baiskeli moja baada ya nyingine. Tukapanda mgongoni. Huko juu nilimsomea mlima: mininga michanga imeota wapi, moto umefika wapi, ziwa lina rangi gani. Yeye alisema majina na sababu.

Kulikuwa na mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe, aliyezoea kutukuta kwenye gogo.

"Shikamoo," tulimwamkia.

"Marahaba. Bwana Miti, huko juu unafuataga nini na hauonagi?"

"Nakagua, mzee."

"Kagua," alijibu kwa heshima. "Hiyo balabala ni yako."

Sasa nitaeleza siku ambayo sijawahi kuieleza vizuri.

Ilikuwa kiangazi. Wiki hiyo nilikuwa nimepata barua ya uhamisho kwenda shule ya Buswelu, ng'ambo, upande wa Mwanza. Nilikuwa nimeiomba mwenyewe kwa siri. Kijijini walimu tulibaki watatu kwa madarasa saba, watoto wetu walikuwa mbali, na nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilimwonyesha barua, maana yake nilimsomea.

"Nenda," alisema. "Mimi nitabaki."

"Utabaki na nani?"

"Nimesema nitabaki."

Tukachukua baiskeli kama kawaida, nami nikapanda mlima nikiwa na hasira ambayo ilikuwa inanisukuma miguu. Kila neno nililotaka kumwambia nililikanyagia pedeli. Nililisikia kopo, na ghafla nikachoka nalo. Miezi yote hiyo sikuwa nimekwenda mahali popote bila kelele ile nyuma yangu. Nikabadilisha gia, nikaongeza mwendo.

Nilijua ninachofanya. Watu wamenifariji mara nyingi kwa kuniambia nilijisahau. Sikujisahau. Nilitaka kwa muda mfupi niwe peke yangu. Nilizipita kona mbili, tatu, nikafika kwenye kalavati, nikabeba baiskeli begani, nikashuka, nikapanda ng'ambo, nikaenda mbele kidogo na kuketi juu ya jiwe lenye kivuli. Hapakuwa na sauti isipokuwa ndege. Nilikaa. Nakumbuka nilivua kiatu na kutoa kokoto iliyokuwa imeingia.

Ndipo nikafikiri: kalavati liko katikati yetu.

Nilirudi mbio, kiatu kimoja mguuni. Nilipofika ukingo wa shimo nilimwona upande wa pili. Baiskeli yake ilikuwa imelala, na yeye amekaa chini kwenye ukingo kabisa, miguu inaning'inia ndani ya shimo. Ardhi iliyobaki kati ya gurudumu lake la mbele na shimo haikuzidi upana wa kiganja.

Sikumwita. Niliogopa akishtuka atateleza. Nilishuka polepole, nikavuka kijito, nikapanda, nikakaa kando yake na kumshika mkanda wa suruali.

"Umevua kiatu," alisema. Alikuwa amesikia hatua zangu.

"Baba, nisamehe."

"Ulikuwa umechoka. Nilijua tangu kona ya kwanza."

"Umefikaje hapa?"

Akanieleza kwa utulivu, kana kwamba ananifundisha kazi. Kopo lilipopotea alisimama, akangoja. Nilipokawia kurudi, akapanda tena. Alisema katikati ya barabara, mahali yalipopita magurudumu ya magari zamani, changarawe imeshindiliwa, tairi linatoa sauti nzito. Ukienda pembeni kokoto ni za kulegea na tairi linanong'ona. Alikuwa amelijua hilo siku nyingi. Kopo alikuwa anajua kulifuata, ila hakulihitaji tena kama nilivyodhani.

"Na shimo?" nikauliza.

"Shimo nililijua kwa hewa. Inakuja baridi kutoka kwenye maji kabla hujafika. Hatua thelathini hivi."

"Kwa hiyo ulisimama."

Mkono wangu bado ulikuwa kwenye mkanda wake.

"Nilifikiri nisisimame," alisema. "Nisikudanganye, Mwalimu. Hewa ya baridi ilinigusa usoni, nikaendelea kukanyaga. Nikasema, mwache aende Buswelu bila mzigo. Nilikanyaga kama mara tatu, nne. Halafu mikono ikafunga breki yenyewe."

Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka kumi na mitano, nikimpikia, nikimsomea, nikimwandikia taarifa, na sikuwahi kumuuliza kilichomo moyoni tangu macho yalipofunga. Nilidhani baiskeli ilikuwa imejibu. Yeye naye hakuniuliza kama nimechoka, kwa sababu alilijua jibu na hakuwa na cha kunipa.

Tulikaa pale mpaka kivuli cha mawe kikatufikia. Tulizungumza kuliko tulivyozungumza mwaka mzima. Alisema kinachomuuma zaidi si giza, ni kushikwa mkono na watu wanaomzungumzia kwa mwingine. "Anakula? Amelala?" kana kwamba amekwisha kufa. Nilimwambia mimi hulia chooni shuleni wakati wa mapumziko. Alicheka kidogo, kisha akalia yeye. Nilimwambia sitaki aende popote nisikojua, si Usagara wala ndani ya shimo. Akasema nimpe muda. Nikasema nitaijibu barua, nitawaomba muhula mmoja.

Kabla ya kurudi nilivuka kufuata kiatu na baiskeli yangu, nikalifungua lile kopo kwenye keria kwa sababu aliniomba. Alitangulia yeye. Nilimfuata nyuma, nikatazama tairi lake likikaa katikati ya barabara, likielekea pembeni kidogo, likirudi. Kwenye mteremko alipunguza. Kwenye kona ya mwamba mkubwa alipinda kabla sijamwambia. Sikumwambia lolote mpaka chini. Mzee mchungaji alikuwa kwenye gogo na ng'ombe wake. Alimwona aliyetangulia, akavua kofia.

Muhula mmoja ulikuwa miwili. Katika miezi hiyo tulipanda karibu kila Jumamosi, na mara nyingi yeye alikuwa mbele.

Halafu wakaja watu wa kutafuta dhahabu. Miaka ile walikuwa kila mahali upande wetu, wageni na wenyeji wenye vibali na mashine, na mmoja wao alitaka kufika mabonde ya nyuma ya mlima. Walileta mabomba ya saruji, wakajenga kalavati kwa siku chache, kazi iliyoshindikana miaka yote. Gogo likaondolewa. Siku lori la kwanza lilipopanda, sisi tulikuwa kwenye mteremko. Alilisikia kabla yangu. Alishuka, akaisogeza baiskeli mpaka kwenye majani na kusimama akiishikilia. Lori lilipita karibu, likatufunika vumbi, dereva akapiga honi kwa salamu. Likafuata la pili, na la tatu.

Vumbi lilipotulia alijipangusa uso.

"Basi," alisema. "Waandikie Buswelu."

Tuliteremka kwa miguu, tukizikokota baiskeli.

Kabla hatujahama alinifanya niandike daftari zima la mlima ule: mininga ya mbegu iko wapi, chemchemi zipi hazikauki, upande gani moto huanzia. Nilikwenda nalo ofisi ya wilaya. Kijana aliyelipokea alilifungua, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akakaa. Sijui lilitumika au halikutumika. Baiskeli nyeusi tulimpa mwuguzi wa zahanati. Ya bluu tulivuka nayo.

Buswelu wakati huo ilikuwa mashamba na mawe, na viwanja vinaanza kupimwa. Nilikuwa na hofu kwamba atarudi kwenye kiti. Majuma ya kwanza alirudi kweli. Kisha akaniomba nimtafutie mbegu kwa watu wa soko la Mwanza, akakaa nyuma ya nyumba na mchanga, samadi na mifuko ya plastiki, akaanza kuotesha miche. Alizijua mbegu zote kwa vidole na nyingine kwa harufu. Watu waliokuwa wanajenga walikuja kutaka miti ya kivuli, naye alimwuliza kila mmoja wao kwanza maswali kuhusu udongo wa kiwanja chake kabla ya kumpa mche. Aliyejibu vibaya aliondoka mikono mitupu. Aliishi hivyo miaka tisa.

Nguvu zake zilikwisha polepole, si kwa macho bali kwa moyo, na alifia nyumbani, asubuhi, mimi nikiwa kando yake. Kaka yake wa Usagara alikuja kumzika na alilia kuliko sisi wote.

Baada ya msiba, watoto wakiwa bado nyumbani, watu waliendelea kupita wakiuliza miche. Niliwaambia mwenyewe hayupo. Wengine walitoa pole na kwenda zao. Mama mmoja aliyekuwa anajenga karibu na shule alisimama muda mrefu akiitazama mistari ya mifuko, akauliza nani anaimwagilia.

"Mimi," nilisema, ingawa ilikuwa siku tatu hakuna aliyeigusa.

Akachukua ndoo iliyokuwa pembeni, akaenda bombani, akarudi nayo imejaa. Tukamwagilia pamoja mstari kwa mstari, mpaka ukutani.